Nguruwe wa Kukisia

Bahasha nyekundu ya kwanza niliyompa mwanangu ilikuwa na dola nne. Noti nne za dola moja moja, mbili kati yake zimechakaa kama zimetoka kiganjani mwa kondakta wa daladala. Ilikuwa tarehe 3 Februari 2011, hapa Saint Paul, Minnesota, theluji nje imefika magotini, nami niko jikoni tangu asubuhi nakunja jiaozi, vile vifurushi vya unga vyenye nyama ndani. Nilivikunja pembetatu. Mikono iliyolelewa kwenye sambusa haijui umbo jingine. Siku hiyo ndiyo Mwaka Mpya wa Kichina ulioingia, na kwa mujibu wa makaratasi ndiyo siku mwanangu aliyotimiza miaka mitatu. Alifungua bahasha, akatupa noti chini, akaanza kuitafuna bahasha yenyewe.

Ilipita miaka sita ndipo nikaambiwa kuwa kwenye bahasha ile moja nilikosea mara tatu. Nne haitiwi, kwa sababu kwa Kichina neno "nne" hutamkwa karibu sawa na "kufa". Noti kuukuu hazitiwi. Watu hupanga foleni benki siku za kuelekea sikukuu ili wapate mpya. Na mtoto hafungui bahasha mbele ya aliyempa, ni utovu wa adabu. Mume wangu, aliyekuwa akipiga picha, alisema imependeza.

Mimi ni Mbondei wa Muheza, mkoani Tanga. Mume wangu ni mzungu wa hapa hapa Minnesota, babu zake walitoka Norwe. Tulikaa miaka bila kujaliwa mtoto, tukaomba kuasili kutoka China. China ilifungua mlango huo kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1992, na mwaka 2005, ambao ndio ulikuwa kilele, karibu watoto 8,000 walikuja Marekani peke yake. Wengi walikuwa wasichana, na chanzo chake kinajulikana: sheria ya mtoto mmoja, na familia zilizotaka huyo mmoja awe wa kiume. Sisi tulipoingia kwenye foleni, ilikuwa imerefuka mno kwa waliotaka mtoto mchanga asiye na tatizo lolote. Orodha ya watoto waliohitaji matibabu ilikwenda haraka zaidi. Wangu alikuwa na mdomo sungura. Mdomo ulishashonwa huko huko China. Kaakaa lilikuwa linangoja madaktari wa huku.

Tulimpokea Nanchang, mji mkuu wa jimbo la Jiangxi, Machi 2010, ana miaka miwili na mwezi. Alilia siku tatu. Ya siku zile ni yake, akitaka atayasimulia mwenyewe. Kutoka hapo tulikwenda Guangzhou kungoja viza, tukafikia kisiwa cha Shamian, ambako miaka ile ungeweza kukaa kwenye benchi ukahesabu vigari vya watoto vikipita, kila kimoja kinasukumwa na wazungu, ndani yake kitoto cha Kichina. Wenye maduka walishatujua. Nilinunua magauni sita ya hariri, kila moja kubwa kuliko lililotangulia, ili kila mwaka apate lake. Nilinunua utamaduni kwa dozi.

Usiku mmoja nikampigia simu bibi yangu Muheza.

"Amezaliwa lini?"

"Tarehe 3 Februari, bibi, mwaka juzi. Wakati Wachina wanaingia mwaka mpya wao."

"Mwaka ulikuwa unaisha au unaanza?"

Nikamjibu unaanza, wala sikuangalia popote.

"Basi huyo ni Mwaka. Msimchanganye kwa jina jingine."

Pwani jina hilo lipo tangu zamani, hupewa msichana aliyezaliwa mwaka unapoingia. Kwenye pasipoti ana majina mengine, lakini nyumbani ni Mwaka mpaka leo.

Kwa miaka sita tulisherehekea kama wenzetu walivyosherehekea. Mjini kulikuwa na chama cha familia zilizoasili watoto kutoka China, na kila mwaka kilikodi ukumbi wa kanisa. Watoto walivaa magauni ya Shamian. Walikuja vijana wa kucheza ngoma ya simba, kulikuwa na taa za karatasi, mashindano ya kuokota njugu kwa vijiti vya kulia, na chakula cha kuagiza mgahawani. Mama mweusi nilikuwa peke yangu. Mwaka wa kwanza mwenzangu mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, mwajiri wangu ni yupi kati ya wale waliosimama karibu na mlango. Nikamwonyesha mume wangu. "Yule pale," nikasema, "na halipi vizuri."

Nisije nikaonekana sina shukrani. Ukumbini mle ndimo Mwaka alimopata rafiki zake watatu wa kufa na kuzikana, na mpaka leo wana kundi lao kwenye simu ambalo sisi wazazi haturuhusiwi hata kulichungulia. Kuna jambo wanalojuana wale ambalo mimi, pamoja na mapenzi yangu yote, sitalijua. Lakini ukiutazama ukumbi ule vizuri, watu wazima wa Kichina walikuwa wawili ndani ya simba na mmoja aliyeleta chakula. Simba likishavuliwa wanalipwa, wanaondoka. Sisi tuliobaki tunawafundisha watoto kuwa Wachina kwa kusoma kwenye karatasi.

Nilikuwa narudi nyumbani na kitu kimenikwama kooni, na kwa muda mrefu sikujua ni nini. Nilikuja kukijua kupitia Idd.

Sisi kwetu ni Waanglikana, tangu enzi za wamisheni wa Magila. Hakuna aliyenifundisha Idd. Idd niliijua kwa miguu. Asubuhi yake tulivaa nguo zile zile za Krismasi, tukazunguka nyumba za majirani kutoa mkono wa Idd, tukapewa sarafu, nikafunga zangu kwenye pindo la kanga ya mama. Krismasi mama alipeleka sahani ya pilau kwa kila jirani, na sahani ile haikurudi tupu: ilirudi na kaimati, au tambi, au ndizi kama nyumba hiyo mambo yalikuwa magumu. Usipofika, kesho yake utaulizwa kisimani, "Mbona hamkuja jana, kuna neno?" Hakuna aliyewahi kusema "huu ni utamaduni wa Waislamu, tuujue". Tulikuwa tunangojewa, basi. Kwenye ukumbi wa kanisa tungeweza kutokwenda miaka mitatu mfululizo na hakuna mtu duniani ambaye angeuliza kama kuna neno.

Kazini kwangu yupo dada mmoja aliyeasiliwa kutoka Korea akiwa mchanga. Minnesota imejaa watu kama yeye, waliokuja kwa wingi tangu miaka ya sabini, na sasa ni watu wazima wenye wajukuu. Nilimwonyesha picha za sherehe yetu nikitegemea sifa. Alizitazama moja moja, akanirudishia simu. "Wazazi wangu walinipeleka kambi ya Kikorea kila kiangazi, miaka tisa," alisema. "Nikajua kupiga ngoma, nikajua kuvaa hanbok. Lakini sikumbuki Mkorea hata mmoja aliyewahi kukaa mezani kwetu akala." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekutajia saa.

Nilikasirika mimi. Nilikaa na hasira hiyo kama wiki mbili, nikijitetea kwa mume wangu jikoni, na yeye hakuwa hata amenishtaki.

Yule tuliyekuja kumwita Waipo tulikutana naye mwaka 2016 kwenye duka moja la vyakula vya Kiasia barabara ya University, sehemu ya mboga. Nilikuwa nachagua tangawizi. Mama mmoja mzee, mfupi, amevaa koti la mjukuu wake lenye picha ya timu ya mpira wa magongo, alinipokonya tangawizi mkononi, akairudisha, akanichagulia nyingine. Halafu akamtazama Mwaka, akanitazama mimi, akamtazama Mwaka tena. Nikajiandaa kwa maswali. Badala yake alimshika Mwaka shavu akasema neno moja, na mjukuu wake wa miaka kumi, kwa aibu kubwa, akatafsiri: "Anasema amekonda."

Kama kuna bibi wa Muheza aliyezaliwa China kwa makosa, ni yule. Alikuwa anatoka Chenzhou, kusini mwa jimbo la Hunan, jirani kabisa na Jiangxi, na alikuja Marekani kumsaidia binti yake kulea. Kiingereza chake kilikuwa maneno kama thelathini. Kichina changu kilikuwa salamu na jina la chakula nilichokunja vibaya. Waipo maana yake ni bibi mzaa mama, na hapo niligundua jambo lililonifurahisha kuliko yote ya ukumbini. Wachina hawachanganyi ndugu. Kaka mkubwa wa baba ana jina lake, mdogo wa baba ana lake, na kaka wa mama ni mtu mwingine kabisa. Baba mkubwa, baba mdogo, mjomba! Huku Marekani wote hao wamefungwa kwenye neno moja kama dagaa, na kila nikijaribu kumweleza mume wangu tofauti ya shangazi na mama mdogo anaitikia kichwa kwa adabu tu. Waipo nilimchorea ukoo wangu kwenye karatasi, akaweka jina la Kichina kila mahali bila kusita.

Wiki iliyofuata nilimpelekea vitumbua. Siku tatu baadaye mlango uligongwa: mjukuu, na sahani yangu, na juu yake nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, imekatwa vipande vyembamba, imekaangwa na pilipili. Nilisimama pale mlangoni na ile sahani, mwenzenu machozi yakinitoka, mtoto wa watu akaniuliza kama nina mzio wa pilipili.

Sikukuu iliyofuata, usiku wa tarehe 27 Januari 2017, hatukwenda ukumbini. Tulialikwa. Nilibeba jiaozi zangu za pembetatu, trei nzima. Waipo alizitazama, akacheka mpaka akashika meza, kisha akaeleza kupitia kwa binti yake: hizo ni za watu wa kaskazini. Huko ngano ndiyo hulimwa. Kusini, kwao na kwa kina Mwaka, ni mchele. Watu hula keki za mchele wa kunata, nyama ya moshi, samaki wa pilipili, na jiaozi mtu akitaka atakula siku yoyote. Yaani miaka sita nilikuwa kama mtu aliyeasili mtoto wa Tanga akamlisha matoke kila sikukuu, akimwambia kula mwanangu, hiki ndicho chakula cha kwenu Afrika.

Alizila hata hivyo. Alisema sambusa yangu ni nzuri.

Samaki aliletwa mzima, kichwa na mkia, na hakuliwa akaisha. Kwa Kichina "samaki" na "ziada" hutamkwa sawa sawa, kwa hiyo lazima abaki, mwaka uingie nyumba ina akiba. Kesho yake hakuna kufagia, utafagia bahati ukaitupa nje. Hapo nilipiga meza: bibi yangu hakuruhusu fagio liguswe jua likishazama, kwa sababu ile ile, riziki itatoka mlangoni. Waipo alitaka kujua kama bibi yangu aliwahi kufika Hunan.

Ndipo akamuuliza Mwaka mnyama wake ni yupi, maana kwa Wachina kila mwaka una mnyama wake, na aliyezaliwa humo ndiye wake.

"Panya," Mwaka akajibu, maana ndivyo karatasi za mezani kwenye migahawa zinavyoandika: 2008, Panya. Alikuwa na panya wa nguo, panya wa karatasi, panya wa ufinyanzi aliyetengeneza shuleni. Waipo akauliza tarehe. Akahesabu kwa vidole, akamwita binti yake, binti akaangalia simu. Mwaka wa Kichina huanza na mwezi mwandamo, popote kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Mwaka 2008 uliingia tarehe 7 Februari. Aliyezaliwa tarehe 3 alizaliwa mwaka ukiwa haujaisha.

"Nguruwe," akasema Waipo, kwa furaha, kwa sababu Nguruwe ni mnyama mzuri, hana shida ya chakula.

Mwaka aliweka vijiti chini. Alikuwa anakaribia miaka tisa. "Kwani hiyo tarehe 3 nani aliiona?" aliniuliza, kwa Kiswahili, ili wengine wasielewe. Nikamwambia ukweli, kwa sababu nilishaapa kutomdanganya hata kwa wema. Alipookotwa hakuwa na karatasi yoyote. Daktari wa kituo alimpima, akatazama kitovu, akakisia.

Akafikiri. "Kwa hiyo mimi ni Nguruwe wa kukisia."

Sikujua kama nicheke. Binti wa Waipo aliuliza tumesema nini, nikatafsiri, na meza ikanyamaza. Waipo alitafsiriwa pia. Hakumbembeleza. Alianza kusimulia hadithi, na binti yake ikabidi afukuzane nayo kwa Kiingereza.

Baridi ile ya 2008, alisema, ilikuwa mbaya kuliko zote alizowahi kuziona. Kusini mwa China hakujazoea theluji, na mwaka ule ilishuka pamoja na mvua inayoganda, ikaganda kwenye nyaya za umeme mpaka minara ikaanguka. Hunan, Jiangxi, Guizhou, kote. Chenzhou ilikaa gizani zaidi ya wiki, maji hakuna, mishumaa ikauzwa kwa bei ya nyama. Na huo ndio wakati mamilioni ya watu waliohamia viwandani Guangdong hurudi vijijini kula na wazazi wao. Treni zilisimama. Mwanawe wa kiume alikwama kituo cha Guangzhou pamoja na watu mamia kwa maelfu, siku nne amesimama chini ya miamvuli, hawezi kusonga mbele wala kurudi. Usiku wa mwaka mpya Waipo alipika samaki kwenye jiko la mkaa, akaweka bakuli la mwanawe mezani tupu, wakala kwa mshumaa.

"Kulikuwa na theluji?" Mwaka akauliza. "Jiangxi?"

Kulikuwa na theluji.

Sijui kama mtu asiye na mtoto wa namna hii anaweza kuelewa. Miaka yote tulikuwa na karatasi moja tu kuhusu kuzaliwa kwake, tangazo la gazetini la kutafuta wazazi, lenye picha ya kitoto kimefungwa nguo mpaka kidevuni. Tuliizoea kama picha isiyo na nyuma. Mle garini tukirudi, Mwaka alikuwa akiijaza. Ndiyo maana nilifungwa nguo nyingi. Labda walikuwa wanarudi nyumbani na mimi. Labda walikwama. Baba yake alipunguza mwendo ingawa barabara ilikuwa safi. Hatukumwambia ndiyo, hatukumwambia siyo.

Bibi yangu alifariki mwaka 2016, kwa hiyo sikupata kumwambia kwamba swali lake lilikuwa ndilo, na jibu langu ndilo lililokuwa bovu. Mwaka uliisha au ulianza? Tulikwenda Muheza Julai 2018, msimu wa machungwa, magunia yamepangwa barabarani mpaka unachoka kuyatazama. Mtaani watoto walikuwa wakimwita "Mchina! Mchina!" na binamu yake wa miaka saba akawa anawakatalia kwa ukali, "Si Mchina huyu, ni Mbondei." Mwaka aliniuliza usiku kama haiwezekani kuwa vyote. Nikamwambia kwenye ukoo wetu kuna mpaka Wamanyema, sembuse Mchina mmoja.

Alikuwa ameshaniuliza mara moja, mwezi wa Aprili, kuhusu Qingming, siku ambayo Wachina husafisha makaburi ya wazee wao. Waipo alikuwa amewapigia ndugu zake simu wakamwonyesha kaburi la mumewe likifyekwa. Mwaka akauliza yeye afagie la nani. Nilikosa jibu wakati ule. Muheza hakuuliza. Aliomba fagio la chelewa, akafagia kaburi la bibi yangu, akang'oa majani kwenye kingo, akapanga machungwa matatu juu. Shangazi zangu walinong'ona kidogo. Halafu mkubwa wao akaenda akachukua la nne, nikamzuia mkono, nikamweleza habari ya nne, akaongeza mawili yakawa matano. Moja lilishaanza kumenywa na yule binamu kabla hatujatoka makaburini.

Siku ya kurudi tulipitia magofu ya Tongoni, kusini kidogo ya mji wa Tanga. Kuna makaburi ya zamani yenye nguzo, na kwenye nguzo matundu ya mviringo ambamo Waswahili wa kale waligandisha bakuli za kigeni, zikiwemo za kutoka China. Nilimleta nikidhani nitampa somo zuri la historia, bakuli zimeng'olewa zamani. Alichomeka ngumi yake kwenye tundu moja ikaenea. Alitaka soda.

Kuna desturi kwamba mnyama wako akirudi, kila baada ya miaka kumi na miwili, uvae nyekundu mwaka mzima kujikinga. Mwaka wa Nguruwe ulirudi 2019, wa Panya 2020. Mwaka aliamua asicheze bahati nasibu: alivaa soksi nyekundu miaka yote miwili. Ilipofika Machi 2020 shule zimefungwa, alizitazama miguuni akasema, "Kumbe nilikuwa Panya kweli." Shule zilipofunguliwa mvulana mmoja alimsogelea akavuta barakoa yake akamwambia arudishe virusi alikovitoa. Alinisimulia akiwa ameshika mlango wa friji, bila kugeuka. Magauni ya hariri hayakuwa na la kusema hapo. Nilimpigia binti wa Waipo, kwa sababu kwa mara ya kwanza ngozi yangu na uzoefu wangu wa miaka ya Marekani havikutosha. Yeye alikuwa ametemewa mate kwenye basi mwezi huo huo. Walizungumza na Mwaka kwenye simu saa nzima. Jioni sahani iliachwa mlangoni, imefunikwa karatasi ya bati.

Septemba 2024 serikali ya China ilitangaza kuwa haitatoa tena watoto kuasiliwa nje, isipokuwa na ndugu wa damu au mzazi wa kambo. Zaidi ya watoto 160,000 waliondoka tangu 1992, zaidi ya 82,000 kati yao wako Marekani. Lile kundi la simu liliwaka usiku kucha. Nilijiandaa kwa majonzi nikakuta si majonzi hasa. "Kwa hiyo hatakuja mdogo wetu tena," Mwaka alisema. "Sisi ndio wa mwisho." Nikamuuliza anaona ni vizuri au vibaya. Alisema mama, si kila kitu ni mtihani.

Waipo alisharudi Chenzhou, wajukuu wamekua. Sahani yake moja, yenye mstari wa buluu ukingoni na pengo dogo, ilibaki kwetu, na yetu ilikwenda naye kwenye sanduku kwa makosa au kwa makusudi. Kwa hiyo Januari 2025, usiku wa kuingia Mwaka wa Nyoka, Mwaka alisema atapika yeye. Aliwaalika wajukuu wa Waipo na mama yao, rafiki zake watatu wa ukumbini, na yule dada wa kazini kwangu, ambaye alikuja na supu ya keki za mchele ya Kikorea aliyojifunza akiwa na miaka arobaini na mbili. Mimi niliruhusiwa kumenya vitunguu swaumu. Samaki alitoka mzima, amefunikwa pilipili mpaka haonekani, juu ya sahani ya Waipo. Tukala upande mmoja, upande wa pili ukaachwa kwa ajili ya mwaka.

Asubuhi Waipo alipiga simu ya video. Amevaa koti lile lile la mpira wa magongo. Alitaka kuona samaki. Mwaka akaenda kufungua friji, akanyamaza, kisha akaita "Baba!" kwa sauti niliyoijua.

Mume wangu aliamka usiku akaona njaa.

Mwaka alirudi na sahani akaigeuzia kamera: mifupa, pilipili, mstari wa buluu. Waipo alisogeza uso kwenye simu mpaka tukaona jicho moja tu. Akakagua kwa muda. Kichwa kipo, akasema, na mkia upo. Inatosha. Halafu akataka aonyeshwe aliyekula, na Mwaka akaanza kuzunguka nyumba na simu, akimtafuta baba yake.